Kurudi, Kurudia na Kurudiana: Redio ya Wanafunzi katika Kampasi ya Huye na Dhamana ya Sauti

Ikisiri

Redio ya wanafunzi aghalabu huchukuliwa kuwa karakana ya mafunzo tu, na kwa sababu hiyo wahakiki wa lugha na fasihi huipita bila kuitazama. Makala hii inaisoma Radio Salus, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika kampasi ya Huye nchini Rwanda, kuwa matini yenye jina, mahali, umbo la mazungumzo na lugha zake. Kiunzi cha usomaji kinatokana na kitenzi cha Kiswahili "rudi" pamoja na maana na minyambuliko yake. Hoja kuu ni kwamba, katika nchi ambayo redio iliwahi kuhimiza mauaji, wema wa ujumbe na uchangamfu wa mtangazaji havitoshi kuisafisha sauti. Dhamana ya redio iko katika nafasi anayopewa msikilizaji ya kulirudi neno lililokwisha kutamkwa. Hoja hiyo inahusishwa na hali ya Kiswahili nchini Rwanda tangu kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2017. Makala inahitimisha kwa pendekezo kuhusu uhifadhi wa sauti za wanafunzi.

Maneno ya msingi: redio ya wanafunzi, kampasi, Rwanda, marudio, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtu anayerudi katika kampasi aliyosomea hukuta majengo yanamtambua kuliko watu. Miti ni ile ile na ngazi ni zile zile, lakini kila anayepishana naye njiani ni mgeni kwake, naye ni mgeni kwao. Chuo ni mahali palipojengwa juu ya kuondoka: kinafanikiwa kwa kadiri kinavyowatoa watu wake. Redio ya wanafunzi ina ugeni huo mara mbili. Sauti iliyozoeleka katika masafa fulani imehitimu, na iliyoketi mahali pake inajifunza upya kutamka jina la kituo. Kituo cha kibiashara hujenga mazoea kwa kumdumisha mtangazaji. Redio ya wanafunzi, kwa kanuni ya kuwapo kwake, haiwezi kumdumisha yeyote.

Swali la mtu anayerudi basi ni hili: ikiwa wasemaji wote wamebadilika, ni nini kinachoifanya redio hiyo kuwa ile ile? Mahali pengine swali hili lingeweza kujibiwa kwa kutaja masafa, jengo au wimbo wa utambulisho. Katika kampasi ya Huye, jibu la namna hiyo halitoshi. Kusini mwa Rwanda, kilomita zipatazo 130 kutoka Kigali, swali la nani anasema redioni, na nani anaweza kumjibu, ni swali ambalo nchi nzima iliwahi kulilipia kwa damu.

Makala hii inalijadili swali hilo kwa kuisoma Radio Salus kama matini. Haikusudii kupima ubora wa kipindi kimoja kimoja wala kuhesabu wasikilizaji. Inakusudia kuonesha kile ambacho jina la kituo linaahidi, kile ambacho historia ya mahali inaidai ahadi hiyo, na masharti ya kuitimiza. Kazi nyingine mbili, yaani tamthilia ya Hate Radio na mchezo wa redio wa Musekeweya, zinatumika kama vioo vya kulinganishia.

2.0 Kitenzi "rudi" kama kiunzi cha uhakiki

Kitenzi "rudi" kina maana ambazo mzungumzaji wa kila siku hazitenganishi, lakini mhakiki ananufaika akizitenganisha. Maana ya kwanza ni kwenda tena mahali palipoachwa. Ya pili, ambayo vijana wa mijini wanaisikia kwa nadra, ni kuadibisha au kusahihisha: mzazi humrudi mtoto, na mwalimu humrudi mwanafunzi. Ya tatu ni ya mafundi na wafuaji: kitambaa hurudi kikiingia maji, yaani hujikunja na kupungua. Kutokana na mzizi huo huo kuna "kurudia", ambako ni kutenda tena. "Kurudisha", ambako ni kukipeleka kitu kilikotoka. Na "kurudiana", neno linalotumiwa kwa wanandoa walioachana wakapatana, na pia kwa timu zinazokutana mara ya pili uwanjani.

Maana hizi zina uzi mmoja. Katika zote kuna kitu kilichokwenda, na kuna nguvu inayokifanya kisiendelee kwenda kana kwamba hakikutoka popote. Neno lililotamkwa redioni ni mfano mwafaka wa kitu kilichokwenda. Waswahili husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na teknolojia ya redio imeipa methali hiyo ukali zaidi: neno halizoleki, na kabla msemaji hajajuta limekwisha kusikika mikoa mitatu. Swali la kimaadili la redio ni kama kuna namna yoyote ya kulirudi neno la namna hiyo. Bertolt Brecht, katika maelezo yake ya mwaka 1932 kuhusu redio, alikwisha kuona kwamba chombo hicho kilikuwa na upande mmoja tu pale ambapo kilipaswa kuwa na pande mbili, akataka kimwezeshe msikilizaji naye kusema. Kitenzi cha Kiswahili kinaongeza jambo ambalo hoja ya Brecht haikulishughulikia vya kutosha: msikilizaji anaweza kupewa nafasi ya kusema na bado asiweze kumrudi msemaji. Tofauti hiyo ndiyo itakayoonekana katika sehemu ya nne na ya tano.

3.0 Kurudi: mahali, kaulimbiu na jina

Mji wenyewe umebadilishiwa jina mara mbili. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji uliitwa Astrida, kwa heshima ya malkia wao. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 ukaitwa Butare. Na mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yakaleta jina la Huye, ingawa wengi bado wanasema Butare. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilifunguliwa hapo mwaka 1963 kwa ushirikiano wa serikali na Wadominiko kutoka Quebec, kikiwa na wanafunzi 51 na wahadhiri 16. Mwaka 2013 kiliunganishwa na taasisi nyingine za umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Aliyehitimu hapo katika miaka ya 1980 na anayehitimu leo wanashika vyeti vya vyuo vyenye majina tofauti, kutoka mji wenye majina tofauti, juu ya kilima kile kile cha Ruhande.

Kaulimbiu ya chuo cha awali ilikuwa ya Kilatini: Illuminatio et salus populi, yaani nuru na wokovu wa watu. Redio iliyoanzishwa na idara ya uandishi wa habari mwaka 2005, kwa msaada wa UNESCO, inabeba neno la kati la kaulimbiu hiyo. Wakati huo redio za watu binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kurejea nchini. Kwa miaka kumi baada ya 1994 hakukuwa na kituo cha binafsi kilichoruhusiwa, na cha kwanza kilianza kusikika mwaka 2004. Jina la Salus liliingia katika hewa ambayo wasikilizaji wake walikuwa na sababu nzito ya kuishuku.

Neno "salus" kwa Kilatini lina maana ya afya, usalama na wokovu. Lina pia maana ya salamu: Warumi walifungua barua zao kwa kumpelekea mwandikiwa salus. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ya Kilatini ili kuuhisi uhusiano huo, kwa kuwa lugha yake, kupitia Kiarabu, imeweka "salama" na "salamu" katika mzizi mmoja. Maneno ya lugha hizi mbili hayana undugu wa asili. Kilicho sawa ni hekima iliyomo: anayekusalimu anakuhakikishia kwamba hutadhurika mbele yake. Redio za Afrika Mashariki ziliijua hekima hiyo mapema. Kipindi cha salamu, pamoja na kadi zake na orodha ndefu za majina ya ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo, kilikuwa kwa miongo mingi mojawapo ya njia ambazo mtu wa kawaida alisikia jina lake likitamkwa na chombo cha taifa. Kutajwa redioni kulikuwa kutambuliwa kuwa hai.

Ni rahisi kuishia hapa na kuisifu Radio Salus kwa jina lake. Uhakiki wa namna hiyo umeandikwa kuhusu redio nyingi za baada ya vita: palikuwa na redio ya chuki, sasa pana redio ya wokovu. Usomaji huo una kasoro. Unaamini kwamba uovu wa redio ya kwanza ulikuwa katika maneno yake tu, na kwamba maneno mengine yakiwekwa mahali pake kazi imekwisha. Historia ya Rwanda inaonesha kwamba hata salamu zinaweza kuua.

4.0 Kurudia: studio ile ile

Radio Télévision Libre des Mille Collines, au RTLM, ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Watafiti, akiwamo Alison Des Forges katika kitabu chake cha mwaka 1999, wameeleza jinsi ilivyopendwa. Redio ya taifa ilikuwa na sauti ya ofisi. RTLM ilikuwa na sauti ya kijiweni: utani, muziki wa Kongo, Kinyarwanda cha mitaani, simu za wasikilizaji, salamu kwa watu waliokuwa baa fulani jioni ile. Ilikuwa redio ya kisasa na ya kirafiki. Kila sifa ambayo leo ingetajwa katika andiko la kuombea fedha za redio ya vijana ilikuwa nayo. Baada ya 6 Aprili 1994, umbo la salamu halikuachwa. Liligeuzwa. Majina yaliendelea kusomwa, pamoja na mahali watu walipojificha na namba za magari yao, na aliyetajwa alikuwa amehukumiwa.

Butare ina nafasi ya pekee katika habari hiyo. Kwa takriban wiki mbili mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayakuenea huko kama kwingine, kwa kuwa mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, aliyazuia. Aliondolewa madarakani. Tarehe 19 Aprili Rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, mwenyeji wa mkoa huo, alihutubia mjini humo, na hotuba yake ikasikika redioni. Hakutamka neno "ueni". Aliwalaumu wale wasiotaka "kufanya kazi", na wasikilizaji wakaelewa. Kitenzi cha Kinyarwanda "gukora", ambacho mkulima hukitumia shambani kila siku, kilikuwa kimekwisha kupewa maana ya kuua kwa kurudiwarudiwa. Neno "inyenzi", yaani mende, lilifanyiwa vivyo hivyo. Mauaji yalifuata mara moja, mjini, hospitalini na chuoni kwenyewe.

Hapa kurudia ndiko silaha. Neno moja la matusi linaweza kupuuzwa. Likirudiwa kila saa, pasipo mtu wa kulipinga katika chombo hicho hicho, hugeuka kuwa jina la kawaida la kitu. Inafaa kukumbuka pia kwamba mmoja wa waasisi wa RTLM, Ferdinand Nahimana, aliwahi kufundisha historia katika chuo kikuu hicho hicho chenye kaulimbiu ya nuru na wokovu. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, mjini Arusha, ilimtia hatiani Desemba 2003 pamoja na washtakiwa wenzake wawili. Mwaka 2007 kitengo cha rufaa kilipunguza kifungo chake kuwa miaka 30, huku kikithibitisha wajibu wake kwa matangazo ya RTLM ya baada ya 6 Aprili 1994. Elimu ya juu haikuwa kinga. Chuo hakiwezi kujitenga na redio hiyo kwa kusema ilitoka kwa wasiosoma.

Watafiti hawajakubaliana kuhusu uzito wa redio katika mauaji yale. Scott Straus, mwaka 2007, alidai kwamba ushawishi wa ana kwa ana ulikuwa na nguvu kuliko matangazo, na kwamba masimulizi yanayoifanya redio kuwa sababu kuu yanarahisisha mambo. David Yanagizawa-Drott, mwaka 2014, alikadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika vurugu ilitokana na matangazo. Kwa mhakiki wa matini, mvutano huo una faida. Unamwondoa katika dhana ya redio kama uchawi na kumrudisha kwa watu waliokuwa wakisikiliza pamoja, waliotazamana usoni baada ya tangazo, na ambao walitenda au hawakutenda.

Tamthilia ya Hate Radio ya Milo Rau, iliyoanza kuoneshwa mwaka 2011, inaijenga upya studio ya RTLM jukwaani ndani ya chumba cha vioo. Watazamaji wanasikiliza kwa vipokea sauti vilivyofunika masikio yao. Watangazaji wanacheka, wanapiga muziki, wanapokea simu, wanawahimiza wauaji. Nguvu ya kazi hii iko katika kukataa kuwapa watangazaji sura ya mashetani: mtazamaji anajikuta akitikisa kichwa kwa mdundo kabla ya kukumbuka anasikiliza nini. Huo ni ufundi wenye ukweli. Hata hivyo, umbo lake lina mpaka ambao wasifiaji wake wamekuwa wepesi kuupita. Kioo na vipokea sauti vinamweka mtazamaji peke yake. Anasikia kila kitu na hawezi kumjibu yeyote, wala hawezi kumgeukia jirani yake na kuuliza kama naye amesikia. Tamthilia inarudia studio kwa usahihi mkubwa, lakini inaurudia pia ububu wa msikilizaji, na inamwacha humo. Inaonesha jinsi sauti ilivyokwenda. Namna ya kuirudi haionekani.

5.0 Kumrudi msemaji

Musekeweya, mchezo wa redio ulioanza kusikika Rwanda mwaka 2004, ulijaribu njia nyingine. Unasimulia vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana, kumwaga damu na kutafuta njia ya kuishi tena. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, alilinganisha makundi yaliyousikiliza mchezo huo kwa mwaka mmoja na mengine yaliyosikiliza mchezo wa afya. Imani za watu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona yanayokubalika katika jamii, na namna walivyotenda. Mwishoni kila kundi lilipewa kinasa sauti na kanda za mchezo huo. Wasikilizaji wa mchezo wa afya walielekea kumwachia kiongozi wa kijiji avitunze. Wasikilizaji wa Musekeweya walijadiliana zaidi, wakabishana, na kuamua kuvitunza kwa pamoja.

Tukio hilo dogo la kinasa sauti lina uzito kuliko sifa nyingi zilizomwagiwa mchezo wenyewe. Ujumbe wa mchezo, kama ujumbe, haukuwageuza watu mioyo. Kilichopatikana ni mazoea ya kutokubaliana hadharani pasipo kuogopana. Kwa lugha ya makala hii, walijifunza kurudiana maneno kabla ya kurudiana kwa maana ya kupatana.

Redio ya wanafunzi inaingia hapa. Sifa yake ya pekee haikutajwa na wanaoipima kwa ubora wa sauti au idadi ya vipindi: ni redio iliyojengwa juu ya dhana kwamba msemaji anaweza kukosea. Mtangazaji wa taifa anaposema, taasisi yake inadai kwamba amesema sawa. Mtangazaji mwanafunzi anaposema, taasisi yake inadai kwamba anajifunza. Kuna mwalimu wa kumrudi, kuna wenzake wa zamu ijayo, kuna kikao cha wahariri ambamo tangazo la asubuhi linafanyiwa kazi kama insha. Na kuna jambo la mwendo wa miguu. Aliyemtaja mtu vibaya saa mbili asubuhi atakutana naye kwenye foleni ya chakula saa saba mchana. Sauti yake ina mwili, na mwili huo unajulikana unakolala.

Ukaribu huo peke yake hautoshi. RTLM nayo ilikuwa na simu za wasikilizaji, na katika mauaji ya 1994 majirani walijuana vizuri mno. Kinachotakiwa ni aina mahususi ya simu: ya anayepinga, inayoruhusiwa kusikika hadi mwisho, na inayojibiwa kwa hoja. Kipindi ambacho wapigaji wote wanaanza kwa kumpongeza mtangazaji na kumaliza kwa kuwasalimu wote wanaowafahamu ni kipindi kizuri, lakini hakimrudi mtu. Redio ya wanafunzi inayoiga vituo vikubwa vya Kigali kwa kasi na vicheko, na kuona haya kusahihisha hewani kosa lililofanyika hewani, inapoteza kitu pekee ambacho vituo hivyo haviwezi kuwa nacho.

Kuna upande wa pili wa hoja, na uhakiki hauna budi kuukabili. Kumrudi mtu ni kumsahihisha, lakini katika Kiswahili cha wazee ni pia kumchapa. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2008 dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari ilizaliwa na hofu ya haki: maneno yalikwisha kuua. Hata hivyo, ilikosolewa kwa upana wa tafsiri yake, ikarekebishwa mwaka 2013 na tena 2018. Mwanafunzi anayeketi mbele ya maikrofoni anajua kwamba juu yake kuna aina mbili za kurudiwa: ile ya wenzake wanaomwambia amekosea, na ile ya mamlaka inayoweza kumnyamazisha. Ya pili ikizidi, ya kwanza hufa, kwa sababu hakuna anayethubutu kusema jambo linalostahili kusahihishwa. Redio hubaki na afya, kilimo, michezo na ratiba za mitihani. Salama kabisa, na isiyomfundisha mtu namna ya kubishana. Wokovu unaoahidiwa na jina la Salus haupatikani kwa ukimya huo. Redio ya chuo inalindwa vyema zaidi kosa la mwanafunzi linapobaki mikononi mwa darasa lake kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana.

6.0 Kiswahili kilichorudi

Lugha ya kurudiana maneno ni ipi? Kinyarwanda kinazungumzwa na takriban Wanyarwanda wote, na redio yoyote inayotaka kusikika Huye itakitumia kwanza. Kifaransa kilikuwa lugha ya chuo tangu mwanzo. Uamuzi wa mwaka 2008 ukaiweka Kiingereza mahali pake katika ufundishaji. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nne mwaka 2017, miaka kumi baada ya Rwanda kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mtazamo wa sheria, kiliingia mwisho. Kwa mtazamo wa historia, kilikuwapo kabla ya lugha zote za kigeni isipokuwa Kijerumani kilichokuja pamoja nacho, na kiliishi katika kambi za askari, masoko, magereji na mitaa ya Waislamu: Nyamirambo na Biryogo mjini Kigali, Cyarabu mjini Butare.

Maisha hayo hayakukipa heshima. Katika Kinyarwanda cha kawaida, kumwita mtu "umuswahili" kulimaanisha zaidi ya dini au lugha yake. Kulimtuhumu ujanja na maneno mengi. Halafu, baada ya 1994, Kiswahili kilirudi kwa njia nyingine. Wakimbizi walioondoka tangu 1959, pamoja na watoto wao waliozaliwa ugenini, walirejea kutoka Tanzania, Burundi, Kongo na Uganda, wengi wao wakiwa na Kiswahili vinywani. Cha Bujumbura hakikuwa cha Bukoba, na cha Bukavu hakikufanana na chochote. Hicho nacho ni kurudi, na ndicho kilichokiandalia Kiswahili njia ya kuingia katika sheria.

Hatari ya sasa inaelezwa na maana ya tatu ya kitenzi: kurudi kwa kitambaa kilichofuliwa. Lugha iliyotoka sokoni na kuingia ofisini inaweza kujikunja. Kiswahili rasmi cha nchi jirani mara nyingi hujengwa kwa kaulimbiu: lugha ya umoja, lugha ya biashara, lugha ya mtangamano. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, hotuba husomwa kwa usanifu, na tarehe 8 mambo huendelea kwa lugha nyingine. Redio ya wanafunzi inaweza kuukuza mkunjo huo kwa urahisi, kwa kukipa Kiswahili taarifa fupi ya habari iliyotafsiriwa, salamu ya ufunguzi na tangazo la sherehe. Lugha itakuwa imesikika, na hakuna atakayekuwa amebishana kwa kuitumia.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani Redio haina haja ya kuuliza swali hili. Kiswahili ndicho maji inamoogelea. Huye inalazimika kuuliza, na katika kulazimika huko kuna nafasi. Kwa mwanafunzi wa Kinyarwanda, Kiswahili kina sifa ya kuwa lugha ambayo wengi wanaikosea. Muuza vitambaa wa Cyarabu, dereva wa lori aliyelala Rusumo na binti aliyekulia Kigoma wana mamlaka ndani yake kuliko mhadhiri. Kipindi cha Kiswahili chenye simu zilizofunguliwa kingempindua mwanafunzi na msikilizaji wake: asiyesoma angemrudi msomi hewani, sarufi na hoja kwa pamoja. Kwa kituo chenye jina la wokovu wa watu, hilo lingekuwa funzo kuliko taarifa ya habari isiyo na kosa. Wenye wivu wa usanifu watalalamika, na lalamiko lao lina haki yake darasani. Studio ya wanafunzi inahitaji kwanza watu wa kuzungumza nao.

7.0 Hitimisho

Makala imejaribu kuonesha kwamba redio ya wanafunzi inaweza kusomwa kwa makini yale yale yanayopewa tamthilia. Jina la Radio Salus linaunganisha salama na salamu, na historia ya mahali inaonya kwamba salamu peke yake si usalama. RTLM ilikuwa changa, ya kirafiki na yenye simu za wasikilizaji. Kilichokosekana ndani yake ni mtu wa kulirudi neno. Hate Radio inaurudia ukosefu huo kwa ufundi bila kuuvuka, na Musekeweya, kwa ushahidi wa Paluck, ilifanikiwa pale ilipozoesha watu kubishana kuliko pale ilipowahubiria. Redio ya chuo ina nafasi ya kuendeleza hapo, kwa kuwa yenyewe imejengwa juu ya kukosea na kusahihishwa, mradi usahihishaji huo ubaki wa watu waliokaribiana.

Linabaki swali la anayerudi. Kanda na maandishi ya matangazo ya RTLM yamehifadhiwa Arusha, kwa kuwa mahakama ilihitaji ushahidi. Mtafiti anaweza kuisikia sauti iliyoua, siku kwa siku. Sauti za kila siku za wanafunzi, pamoja na makosa yao, masahihisho yao na Kiswahili chao cha kubahatisha, kwa kawaida hazina mahakama ya kuzidai, zikisharushwa, zimekwisha. Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu ya redio katika eneo hili ina utajiri wa uhalifu na umaskini wa maisha ya kawaida. Idara za Kiswahili na za uandishi wa habari katika vyuo vya ukanda huu zinaweza kulirekebisha hilo kwa gharama ndogo: kuchagua saa chache za matangazo kila muhula, hasa mazungumzo na wasikilizaji, kuyaandikia tarehe, lugha na mada, na kuyaweka maktaba pamoja na tasnifu. Hapo aliyeondoka miaka ishirini iliyopita atapata cha kurudia, na mwanafunzi aliyeketi leo mbele ya maikrofoni atasema akijua kwamba neno lake linaweza kumfikia mtu atakayelirudi.